Marahaba ya Bibi kwa Kaka Yake

Likizo hii ya Juni nimerudi nyumbani Newala kutoka shule ya bweni Masasi. Basi lilipomaliza kupanda mlima, harufu ya salfa ikaingia dirishani, ule unga wanaoupuliza kwenye mikorosho, na macho yakaanza kuniwasha. Wenzangu wakafunga vioo. Mimi changu nikakiacha wazi. Harufu ile ni ya utoto wangu, na ni ya uongo tulioishi nao nyumbani kwetu miaka miwili mizima.

Nilikuwa darasa la tatu Bibi alipoanza kulalamika kwamba anaona ukungu. Kila mtu akasema ni salfa. Mwenyewe akasema, "Msimu ukiisha, utaisha." Basi msimu ukaisha. Tukaokota korosho, tukazichoma uani hadi moshi ukatutoa machozi, mvua zikaja tukakinga maji ya bati, na ukungu wa Bibi ukabaki palepale. Mwaka uliofuata wakapuliza tena, nasi tukapata tena cha kusingizia.

Bibi hakutaka watu wajue hali ilivyozidi. Alikuwa amesikia kwamba hospitali wanang'oa jicho, wanaliosha kwenye beseni, kisha wanalirudisha. Likiteleza likadondoka, ndiyo basi. Kwa hiyo mimi nikawa macho yake. Nilimchambulia mbaazi, nilimtungia uzi kwenye sindano, na njiani nilimshika mkono. Nikiubana mara moja, anayekuja ni mdogo kwake, asubiri shikamoo. Nikiubana mara mbili, ni mkubwa, aanze yeye. Mimi kuongea mbele za watu kunanitoa jasho mpaka leo, kwa hiyo kazi ile ilinifaa. Bibi alikuwa akinisifu, "Mke mwenzangu huyu hana maneno mengi."

Jumapili moja tulikuwa tunatoka kanisani. Kaka mkubwa wa Bibi, ambaye nami namwita Babu, alikuwa amekuja kutoka Lupaso bila kutuarifu, akasimama mbele yetu, akakohoa. Mimi nilikuwa nimeinama nachomoa mwiba kwenye kandambili. Bibi akasikia kikohozi, akangoja nimbane mkono, nisimbane, akabahatisha kujibu kwa ile sauti yake ya kikubwa, "Marahaba, mwanangu. Hawajambo huko kwenu?"

Watu wakageuka kututazama.

"Mwanao?" Babu akasema. "Tangu lini mimi nakuamkia wewe? Mtu nimekubeba mgongoni!"

"Leo dada mtu kapandishwa cheo," mama mmoja akachomekea nyuma yetu, na watu wakacheka.

Maneno mawili tu, "Sioni vizuri," yangemwokoa Bibi, lakini hakuyasema. Alikuwa radhi aonekane hana adabu kwa kaka yake kuliko kupelekwa kwenye lile beseni.

"Haoni, Babu," nikasema. "Si salfa. Haoni mwaka wa pili huu."

Bibi akauchomoa mkono wake. Siku tatu hakunisemesha. Aliniita kupitia kwa Mama: "Mwambie huyo mwanao alete maji." Nililia jikoni nikidhani nimempoteza.

Wiki hiyohiyo Babu akatushusha hadi hospitali ya Ndanda. Muuguzi wa macho akammulika Bibi, akasema ni mtoto wa jicho, ugonjwa unaotibika. Salfa inawasha tu, haileti ukungu wa namna hiyo.

"Mtaliosha kwenye beseni?" Bibi akauliza, sauti ndogo.

Muuguzi akacheka hadi akashika meza. "Bibi yangu, jicho haliendi popote. Kuna kioo ndani kimechafuka, tunakitoa, tunaweka kipya." Kisha akamgeukia Babu. "Na wewe mzee, kaa hapa nikupime. Kuna presha ya macho, inakula kimyakimya, na ikishakula haturudishi."

"Mimi naona mpaka Msumbiji," Babu akajibu. Lakini alikaa.

Walianza na jicho moja. Asubuhi ya pili bandeji ikafunguliwa. Bibi akatazama ukuta, akatazama shuka, akatazama vidole vyake. Kisha akaniambia, "Wewe, sogea dirishani." Akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku. Nilifikiri bado ana hasira.

"Huu uso wa mama yangu umekuja lini?" akauliza. "Mbona hamkuniambia?"

Tungemwambiaje? Mama yake alifariki zamani, hakuacha hata picha moja. Waliomkumbuka ni Bibi na kaka yake tu. Babu akaja, akanitazama sana, akasema, "Kweli, dada. Ni yeye."

Ile miaka miwili imekwenda. Nilikua hapo hapo ubavuni kwake na hakuniona nikikua, na hilo hakuna hospitali itakayolirudisha. Ila jicho la pili nalo limeshatengenezwa, na sasa yeye ndiye anayewasumbua wenzake wa kanisani waende wakapimwe wasingoje.

Jana nilikuwa najisomea barazani. Nikainua kichwa, nikamkuta Bibi ananitazama tu. Nikaona haya, nikataka kujifunika kwa daftari. Sikujifunika.