Simu Niliyoirudisha Mara Tatu

Kioo cha kaunta hakikulia kama sahani. Kilitoa kishindo kimoja kizito, kwaa!, kisha vipande vikamwagika sakafuni kama mchele unaomiminwa kwenye ungo. Mlio ule ninao sikioni mpaka leo. Mkono uliopita kwenye kioo kile ulikuwa wa mchumba wangu.

Na kosa lilikuwa langu.

Mchumba wangu ni mzamiaji wa kambakoche, wale kamba wakubwa wa miambani, hapa kwetu Kizingitini. Harusi ilikuwa imekaribia, na kwetu bwana harusi hupeleka sanduku kwa kina bibi harusi: magauni ya dira, viatu, udi, manukato. Wanawake hukaa mkekani wakapitisha kila kitu mkono kwa mkono, wakichungulia hadi mshono. Siku hizi simu nayo imo. Mimi, mtu wa darasa la nane mwenye ndoto za kujaza nyumba, nilikuwa nishaiona simu yangu ikizunguka mkekani bila doa, na shangazi zangu wakipiga vigelegele.

Ya kwanza ilikuwa na nukta nyeupe kwenye kioo, ndogo kuliko chawa. Nikairudisha. Ya pili, mfuniko wake wa nyuma ulikaa upande kwa unene wa unywele. Ya tatu ikitetemeka, kitu chagonga ndani. Kila mara mchumba wangu aliacha kuzamia siku nzima, akapanda boti hadi Amu, mji wa Lamu, kuibadilisha. Hakulalamika. Aliniambia tu, "Usibandue nailoni, Bi. Mwenye duka asema ukishabandua nailoni, ni yako, hairudi."

Hiyo ya tatu tulikwenda kuirudisha pamoja. Mwenye duka alipotuona alipiga makofi.

"Wamerudi! Bwana, mwanamke wako hatafuti simu, atafuta malaika."

"Mbadilishie tu," mchumba wangu akasema.

"Leo simu, kesho wewe. Akiona una kovu mgongoni atakurudisha kwa mamako!"

Dukani watu wakacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kidogo. Mchumba wangu akanisikia.

Alimkamata mwenye duka kwa ukosi, akamvuta juu ya kaunta, akamzaba kofi. Yule naye akanyakua stuli, akampiga nayo begani, akampiga tena. Mchumba wangu akarusha ngumi, mwenye duka akainama, ngumi ikaingia kiooni. Damu iliruka hadi kwenye simu zilizopangwa. Mkono bado umenasa kwenye vipande, mwenye duka akampiga mateke ya mbavu, moja, mbili. Nikamrukia nikamuuma mkono. Mimi, niliyekuwa nikilia paka akikanyagwa mkia! Niliuma hadi nikaonja chumvi ya damu, na watu wakanivuta kwa buibui.

Mwenye duka, akihema, akatutupia boksi jingine. "Chukueni hii! Msirudi tena!"

Hospitalini walimshona. Daktari akasema vidole viwili huenda visikunjike tena. Kambakoche huvutwa shimoni kwa vidole, hilo kila mtu Kizingitini alijua. Mchumba wangu aliitazama bandeji muda mrefu.

"Sasa nina doa," akasema. "Utanirudisha?"

Nilidhani ni mzaha, nikataka kucheka. Macho yake hayakucheka. Tukapanda boti, akashukia kwao, mimi nikaenda kwetu.

Nikajifungia chumbani na lile boksi. Mfuniko wake ulikuwa na alama ya kidole, damu iliyokauka. Nikaitoa simu, nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Pembeni mwa kamera palikuwa na mkwaruzo. Niliuona mara moja. Macho yangu ndivyo yalivyo.

Nikatia ukucha kwenye pembe ya nailoni, nikaibandua yote.