Mchezo wa Ijumaa wa Mwalimu Vizibo

Mwenzangu tunayetazamana naye meza kwa meza ofisini alibandikwa na wanafunzi jina la Mwalimu Vizibo, naye akalipokea kwa roho safi. Anafundisha Kiingereza kidato cha pili, na ndiye mwalimu wa darasa lao. Zamani kipindi chake kilikuwa usingizi mtupu: watoto wanaimba nyakati za vitenzi kama kasuku, ukiwauliza kesho yake, patupu. Siku moja akaja na mfuko wa vizibo vya soda na makopo matano. "Mwalimu wa hesabu, usinicheke," akaniambia. Nikamcheka.

Aligawa darasa makundi matano. Kila Ijumaa mwanafunzi anachomoa kadi na kusahihisha sentensi iliyoandikwa hapo. Akipatia, kopo la kundi lake linaongezewa vizibo viwili. Akikosea, vinatolewa viwili. Kila aliyepo lazima ajibu. Weee, darasa likawaka moto! Hata kwenye foleni ya choo watoto walikuwa wakiulizana wakati uliopita.

Tatizo, makundi hayakulingana, mengine yana wanane, mengine tisa, wakaanza kuzozana. Na mimi kwa kiherehere changu nikadakia: "Hesabu vizibo, gawanya kwa waliohudhuria. Wastani haumwonei mtu." Ni mimi niliyesema hivyo, simsingizii mtu.

Kundi lililokuwa likishika mkia lilikuwa na binti mmoja aliyeitwa Mpole. Akishika kadi, midomo inatetemeka, anakosea, na wenzake wanashika vichwa. Katikati ya muhula kundi hilo likapanda ghafla mpaka juu. Tulijidai sana ofisini. Tuliona mchezo umeamsha hata waliolala.

Ijumaa moja mchana mkuu wa shule akabandika orodha ya watakaofanya mtihani wa kuingia kidato cha tatu. Aliyekosa siku zaidi ya nane hafanyi. Jina la Mpole lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu, siku tisa. Mwenzangu akafungua rejista, akapitisha kidole.

"Zote Ijumaa," akasema.

Alama za kutokuwepo aliziweka yeye mwenyewe, kila wiki, huku akikimbilia makopo. Nikachukua kalamu nikapiga hesabu ya wastani, kundi likiwa na Mpole na likiwa bila yeye. Sikuhitaji kumaliza.

Tukamwita kiongozi wa kundi. Hakuona haya hata kidogo. "Hatukumfukuza, mwalimu. Tulikaa, tukapiga hesabu, tukakubaliana. Mwenyewe ndiye aliyejitolea."

Mkuu alitusikiliza akiwa amesimama. Orodha ilishapelekwa wilayani asubuhi, akasema. "Rejista umeiandika kwa mkono wako, mwalimu. Sasa unataka nikaseme uliandika uongo?" Mwenzangu akaomba, akabembeleza, mimi nikaeleza habari ya wastani mpaka nikajichukia. Tukaambiwa binti atarudia darasa, na mzazi apewe taarifa na mwalimu anayehusika.

Jumamosi tukaenda kwao. Njia nzima mwenzangu alikuwa anajaribu maneno ya kuanzia, anayaacha, anaanza upya. Mimi nilifuata nyuma, nikiirudia ile hesabu kichwani. Wastani nao sijaugusa tena ubaoni tangu wiki ile. Nikifika ukurasa huo nawaambia wasome wenyewe.

Mama yake alitupokea kwa furaha, akafuta viti kwa kanga. "Karibuni, walimu wangu. Nilikuwa nataka nije niwashukuru. Huyu hakuwa na rafiki hata mmoja. Siku hizi kila Ijumaa jioni, nikirudi sokoni, nakuta wamempitia hapa kundi zima, wanamkumbatia; jana tu ndiyo hawakuja."

Mwenzangu akakaa kwenye ukingo wa kiti. Akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia sakafu.

Mpole akatoka jikoni na mikono ya sabuni, akapiga goti kutuamkia. Halafu akauliza, macho yanamng'aa:

"Mwalimu, jana tumeongoza?"

"Mmeongoza," akajibu mwenzangu.

"Nilijua. Na Ijumaa ijayo msiwe na wasiwasi, sitakuja."