Hakuna Kijiti, Hakuna Ufunguo

Mpangaji wangu hapa Mwabungo ni mwanamke mhandisi wa kompyuta. Juzi nilimuuliza anafanya nini kutwa mbele ya kile kioo. Akanieleza kwamba ndani ya mashine moja kubwa huishi mashine nyingine zisizoshikika, nazo huitwa wageni. Kila mgeni ana orodha yake ya kurasa za kumbukumbu, lakini namba alizonazo si mahali penyewe. Mwenyeji, yaani ile mashine kubwa, ana orodha ya pili, inayosema ukurasa huo uko wapi hasa. Kazi ya mpangaji wangu ni kuhakikisha kila mstari unakaguliwa kabla mgeni hajapitishwa: mahali hapo papo kweli? Ni pake? Anaruhusiwa kufanya nini hapo?

"Na mstari ukiwa umepitwa na wakati?"

"Hapo, mzee, ndipo watu huharibikiwa."

Nilicheka. Kazi hiyo niliifanya Diani miaka ya uhuru, na shule yangu iliishia darasa la pili.

Hoteli yetu ilikuwa na vibanda ishirini na viwili vya makuti, vimehesabiwa kuanzia upande wa bahari. Kampuni moja ya safari ya Nairobi ilikodi kumi na viwili, ikavipa namba zake yenyewe. Mgeni alishuka na cheti kilichoandikwa namba tatu, na namba tatu yake ilikuwa kumi na saba yetu. Karani wa mapokezi alikuwa na daftari la kugeuza namba hizo. Paa likivuja tulimhamisha mtu, na daftari lilipaswa kufuata. Mara nyingine lilifuata kesho yake.

Mimi nilikuwa msimamizi wa watandikaji. Nilianza kwa kufua mashuka, na cheo sikupewa kwa hisani, nilikitolea jasho. Nilitoboa tundu kando ya kila namba kwenye ubao wa funguo, nikachonga vijiti vya mkoko. Kijiti kikiwa tunduni, maana yake leo nimeingia chumba hicho kwa miguu yangu, nikakiona kitupu, kizima na safi. Kitu kikibadilika, nachomoa kijiti kwanza, ndipo kazi ianze. Hakuna kijiti, hakuna ufunguo.

Karani hakupenda. Bendera ilikuwa imebadilishwa majuzi tu, na waliosoma walijua kwamba viti sasa ni vyao. Yeye alikuwa na cheti cha sekondari kutoka Mombasa na suruali iliyopigwa pasi ikasimama. "Nchi inajitawala," aliniambia, "na wewe bado unatuendesha kwa mishikaki."

Siku moja, asubuhi, nilichomoa kijiti cha kumi na saba. Kunguni walikuwa wameingia, na fundi alikuja na dawa ya moshi, ile inayoua kila chenye pumzi. Alibandika karatasi madirishani kwa ndani, akaiwasha dawa, akafunga mlango, akasema usifunguliwe mpaka kesho. Ufunguo nikaurudisha kwenye ndoano yake. Hilo lilikuwa kosa langu, na nililikiri siku ile ile.

Adhuhuri nilipita mapokezi kuchukua sabuni, nikatupa jicho ubaoni. Tundu la kumi na saba lilikuwa na njiti ya kiberiti. Ufunguo haupo.

"Bwana karani, hii nani ameichomeka?"

"Mimi. Chako kilikuwa kimeanguka. Daftari linasema kibanda kiko wazi, na mwenye cheti amefika."

"Nani?"

"Mama wa Kihindi na kichanga chake. Wamekwenda na mchukuzi."

Sikungoja zaidi, nilitimua mbio. Nilipofika, mchukuzi alikuwa ameshautia ufunguo kwenye kitasa, na mama amesimama nyuma yake, mtoto begani analia. Nilimvuta mchukuzi mkono, tukaanguka wote wawili juu ya sanduku.

"Una wazimu wewe?" mama akafoka. "Mtoto hajalala tangu Likoni!"

"Niwie radhi, mama. Humo mna sumu. Rudi nyuma. Rudi zaidi."

Karani akaja anahema, daftari mkononi, na meneja nyuma yake. "Huyu anafukuza wageni waliolipa!" karani akasema. "Hata kusoma kwenyewe ni kwa kudonoa. Tazama, kumi na saba kiko wazi!"

"Daftari halina pua," nikamwambia. "Njoo unuse."

Pale kizingitini, chini ya mlango, mijusi watatu walikuwa wamelala chali, na mende hawahesabiki. Karani aliinamisha uso, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Meneja hakuhitaji maelezo. Aliuliza tu: huyu mama tutamweka wapi?

"Namba tisa iko wazi," karani akasema upesi.

Meneja akanyoosha mkono kutaka ufunguo. Nikamwambia la, namba tisa sijaiingia leo. Mtoto analia, meneja amekunja uso, ananihimiza nifanye haraka. Nikamjibu kwamba haraka ndiyo iliyotufikisha hapa, na kama hataki kungoja, auchukue ubao wake na mimi nirudi kwetu leo hii. Nilikuwa na watoto wanne, na sikuwa na kazi nyingine. Meneja akamgeukia karani, akamwamuru anifuate.

Tuliingia namba tisa. Nilibonyeza godoro, nikakunjua chandarua, nikafungua bomba, nikatazama makuti kama yanapitisha mwanga. Karani alisimama katikati ya chumba, daftari kifuani.

"Kitupu," akasema. "Tumwite mama."

"Na chini ya kitanda?"

"Chini ya kitanda kuna nini?"

"Sijui. Wewe ndiye uliyesoma. Inama."

Akaweka daftari sakafuni, akapiga magoti na suruali yake ya pasi, akaingiza kichwa.

"Kuna viatu," akasema kutoka huko chini.

"Vitakuwa vya mgeni aliyeondoka jana. Vitoe, ufagie, kisha kamwite mama."