Mtani aliyekuja kumtukana mama yangu mgonjwa, Masaki ya Kisarawe

Wakuu, salaam.

Wale wa "weka picha" mnisamehe, enzi za Mwingereza kule Masaki nani alikuwa na kamera? Ila haya niliyaona kwa macho yangu, nikiwa binti wa kuchota maji.

Mama alifiwa na mtoto mchanga. Hakulia hata kidogo.

Akaacha kula, akaacha kuoga. Kutwa anabembeleza mto, ukiusogelea anakurushia chochote. Siku hizi mngesema depression. Kwetu walisema kichaa, na baba mkubwa akaanza kuchonga gogo la kumfunga mguu.

Ndipo akaja Bi Kalunde, Mnyamwezi aliyezoea kununua mihogo kwetu. Mumewe alikuwa kibarua wa mkonge huko Kibaha.

Vijana, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mtani anakutukana msibani na hukasiriki. Na baba alikuwa amezika bila kumwita mtani hata mmoja, jambo ambalo kwetu ni kosa.

Bi Kalunde hakutoa pole. Aliingia chumbani bila hodi, akajitupa kwenye jamvi la mama.

"Wazaramo wachoyo nyie. Mmezika kimyakimya ili nisile ubwabwa? Sitoki humu."

Kisha akauchukua ule mto, akaanza kuulilia kwa sauti.

Mama akamtazama. "Mnyamwezi, hata kulia hujui."

Akacheka. Kicheko kikageuka kilio, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Lile gogo tulipikia.

Msidhani alipona siku ile. Ilichukua misimu, na mara nyingine ugonjwa ulirudi. Kila ukirudi, Bi Kalunde alifunga safari kutoka Kibaha kwa miguu, wakamenya mihogo huku wakichambana. Mwanamke yule namheshimu mpaka leo.

Miaka ikapita, Bi Kalunde akafariki. Tukaenda kuzika.

Jeneza lilipotaka kutolewa, mama akajilaza mlangoni.

"Hapiti huyu. Alilalia jamvi langu bila hodi, na hajaniomba radhi."

Watu wakacheka. Mumewe, mzee wa watu, akapiga magoti akaomba radhi kwa niaba ya marehemu.

Mama akainuka, akapisha njia. "Haya, nenda mwenzangu."

Safari hii alilia mwenyewe, bila kufundishwa na mtu.

Nilichojifunza ni kwamba mgonjwa wa akili apelekwe hospitali, hilo halina mjadala. Lakini apate pia mtu asiyemwogopa. Kwenu mtu huyo alikuwa nani? Semeni, nasoma zote, ingawa miwani yangu ni ya kubabaisha.