Nambari Chini ya Rangi ya Kucha

Mimi ni mwoga, na sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Simu ikiita kutoka nambari nisiyoijua, huiacha iite weee ndipo nipokee. Kwa hiyo mwanamke mmoja wa Kilimani aliponipigia nikiwa kazini, akaniuliza kama baba yangu ndiye mzee anayepiga gitaa la miguu minne kanisani Kabiria, nilijua nimekwisha.

Gitaa lenyewe si la kuning'iniza shingoni. Lina umbo la meza nyembamba. Mpigaji huketi, akasugua kipande cha chuma juu ya nyuzi, huku miguu yake ikikanyaga pedali zinazovuta nyuzi hizo, na sauti hupanda na kushuka kama mtu anayelia kwa adabu. Baba amelipiga kila Jumapili tangu nipate akili. Alikuwa mtunza bustani wa familia moja Muthangari, na nyumbani tuliambiwa kwamba bosi wake alimpa baba gitaa hilo wakati mama alipokuwa na mimba yangu, kwa kuwa yeye alikuwa na mpango wa kuagiza jipya.

Mwanamke aliyenipigia alikuwa binti wa bosi huyo. Alikuwa ameona video ya ibada yetu kwenye simu ya rafiki yake. Akasema, kwa upole ulionitisha zaidi, kwamba gitaa la marehemu babake liliagizwa jipya kabisa kutoka ng'ambo, kisha likapotea stoo walipokuwa wakihama. Nilipiga hesabu. Mwaka aliosema liliagizwa, mimi nilikuwa nimeshaanza shule.

"Sitaki mambo ya polisi," alisema. "Lakini kufika Jumamosi nataka niwe nimejua."

Ningemuuliza baba. Mtu yeyote mwenye akili angemuuliza. Lakini niliogopa uso wake. Niliogopa ageuze macho kidogo tu, nami nijue. Nikamwambia pedali moja inalia, nalipeleka gitaa mjini likatiwe grisi. Alinisaidia kufungua miguu ya gitaa na kulilaza kwenye sanduku, kisha akalifunga mwenyewe.

Fundi ana kibanda orofa ya tatu katikati ya jiji, nyuma ya maduka ya spika. Nilimwambia nataka jambo moja tu: hili gitaa ni la mwaka gani? Likiwa limenizidi umri, basi silo lile lililopotea, na baba ni mkweli. Nikiwa nimelizidi mimi, baba ni mwizi, na mimi nimelelewa na nyimbo za wizi.

"Hiyo tutajua tu, madam," alisema. "Hizi huwa zimepigwa namba hapa kwa ubavu." Akamulika kwa tochi, kisha akaniangalia. "Nani alipaka hii kitu hapa?"

Aliyeipaka alikuwa mama. Kwetu vyombo huazimwa. Sufuria, viti na vijiko huenda harusini na matangani, na kila mwanamke hutia alama vyake ili virudi. Alama ya mama ilikuwa doa nene la rangi nyekundu ya kucha. Alikuwa na wasiwasi kwamba siku moja gitaa lingechanganyika na vyombo vya kanisa, akalitia doa, na katika gitaa zima alichagua hasa pale kwenye nambari.

Nilimsihi fundi ajaribu njia nyingine. Akalipindua, akafungua skrubu za chini, akamulika kidude cha kurekebisha toni, ambacho mara nyingi huandikwa mwaka wa kutengenezwa.

"Hii ilibadilishwa," alisema. "Ona solda ya hizi waya vile inang'aa, ni mpya. Haiwezi tusaidia."

Ikabaki rangi. Mama ni marehemu, na sufuria zake nyingi zilishatoboka, kwa hiyo doa hilo lilikuwa kati ya alama zake za mwisho. Fundi alichovya pamba kwenye asetoni, dawa ya kutoa rangi ya kucha, akangoja, nami nikaitikia kwa kichwa. Akilini nilimwona baba akitolewa na polisi mbele ya kwaya. Halafu nikajikuta napanga maneno yangu mwenyewe: kwamba sikujua, kwamba aulizwe yeye na si mimi. Pamba ilikuwa bado inageuka nyekundu, nami nilikuwa nimeshamkana.

Fundi alisoma tarakimu moja moja, akazilinganisha na orodha iliyo kwenye simu yake. Akarudia. Akakagua jinsi pedali zilivyofungwa, akasema zinakubaliana na nambari.

"Wewe ulizaliwa lini?"

Nikamwambia.

"Basi hii ni kubwa yako. Imekuzidi na kama miaka tisa."

Nililia palepale kibandani, bila aibu. Nilimtumia yule mwanamke picha ya nambari, na baada ya muda akanipigia. Alikiri kwamba babake alikuwa na magitaa mawili, ila yeye alikuwa amelisahau lile la kwanza. Akaomba msamaha mara mbili.

Nilirudi Kabiria mchana huo na sanduku langu, nimejaa furaha. Mlango ulikuwa wazi. Baba alikuwa ameketi kando yake, amevaa koti la Jumapili, viatu vimepigwa rangi. Mapajani alikuwa na kiondo, na ndani yake kitambulisho, dawa za presha na sweta.

"Baba, unaenda wapi?"

"Yule madam alinipigia mimi kwanza," alisema. "Nilimweleza, hakuamini. Nikampa nambari yako. Nilijua wewe utamwambia ni langu." Aliweka kiondo sawa mapajani. "Halafu ukaniambia ni grisi. Hizo pedali nilizitia grisi mwenyewe juzi, mwanangu. Nikaona heri mkija na hao watu wa polisi mnikute niko tayari."

Nilipiga magoti, nikamwambia nambari imekubali, gitaa ni lake.

"Najua ni langu," alisema. Koti hakulivua.