Fuvu la Ng'ombe wa Bibi

Juzi nilipita kwa fundi seremala huku Chanika kuangalia kabati langu limefikia wapi. Alipofungua kopo la vanishi na ile harufu ikanifika puani, nikajikuta nimekaa juu ya rundo la mbao, nimesahau hata kilichonileta. Wewe uliyekulia maeneo haya kabla ya lami huenda utanielewa.

Bibi alipokuja kuishi nasi kutoka Tukuyu, baba alimnunulia ng'ombe mwekundu ili asiuone mji mchungu. Asubuhi alimkamua huku akimwongelesha Kinyakyusa, na sie watoto tulikunywa chai ya maziwa yenye harufu ya moshi tukiwasikiliza. Masika moja yule ng'ombe akavimba tumbo, na kabla bwana mifugo hajafika akafa. Bibi alikataa asiliwe. Akazikwa nyuma ya banda la kuku, na tangu hapo bibi akawa mtu wa kukaa barazani tu, sahani ya ugali inarudi jikoni kama ilivyotoka. Neno lake lilikuwa moja: arudishwe kwao.

Jirani yetu alikuwa mchonga vinyago kutoka kusini, mtu mkimya. Alimwambia bibi aiachie ardhi ifanye kazi yake, kiangazi kikishika atamtolea kichwa cha ng'ombe wake amwone tena. Mama hakulipenda jambo hilo. Fuvu nyumbani, alisema, watu watatuitaje? Na kweli, minong'ono ilishaanza bombani. Jirani akajibu kwamba ndiyo maana kazi ataifanyia uani, mchana, mlango ukiwa wazi.

Kilichotoka ardhini kilinitisha. Kilikuwa cha kahawia, kimejaa udongo machoni, kinanuka. Jirani alikiloweka kwenye maji ya sabuni, akayabadilisha tena na tena, akachokonoa matundu kwa mswaki mkuukuu. Hakukichemsha, alisema mfupa ukichemka sana hulegea. Kisha akakipaka ile dawa ya vidonda inayotoa povu na kukianika mpaka kikawa cheupe. Ndipo ukaja msasa, taratibu, halafu vanishi nyepesi kwa kipande cha kanga. Ikikauka anapitisha msasa laini, anapaka tena.

Waliokuja kuchungulia wameziba pua wakaanza kuja na vigoda. Hata mama. Maana ule mfupa ulianza kung'aa kama kikombe cha kaure, na kwenye paji ikajitokeza mistari myembamba iliyopindapinda, pale mifupa ilipoungana, kama vijito ukivitazama kutoka mlimani. Ndani ya pua mlikuwa na vifupa vyepesi kama karatasi, vimejikunja, na jua lilipenya ndani yake. Mie nilikuwa nikimfukuza ng'ombe huyu kwenye mihogo kwa fimbo, sikujua kama amebeba kitu kama hicho.

Kazi ilipokwisha bibi aliinuka mwenyewe barazani, akaja, akapitisha kidole kwenye pembe ya kushoto iliyokatika ncha.

"Ndiye," alisema. "Lakini mwanangu, uzuri huu umeutoa wapi?"

"Mie nimempangusa tu, mama. Uzuri alikuwa nao mwenyewe."

Jioni ile bibi aliomba chakula. Habari za kurudi kwao hakuzitaja tena. Aliishi nasi mpaka nikamaliza shule, fuvu likikaa dirishani kwake, na wageni walioingia kumsalimia shikamoo waliishia kulitazama. Alipofariki tulimsafirisha Tukuyu, na fuvu baba akalifukia palepale lilipotoka. Jirani naye alirudi kusini, na hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza kazi ile alifundishwa na nani. Kiwanja kiliuzwa. Sasa pana nyumba ya ghorofa, ua wote umesakafiwa, na wapangaji huegesha pikipiki zao juu yake bila kujua.

Ila mpaka leo nikipita buchani, nikaona kichwa cha ng'ombe kimelazwa mezani na inzi wamekizunguka, hupunguza mwendo. Najua kilichomo.