Pua ya Nabintu

Nabintu ni jirani yangu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale tangu tulipokimbia Kivu mwaka 1996, na bosi wetu Emmy, kwa alivyomtendea, simsamehe hata nikizeeka. Pua ya mama huyu kambi nzima tunaijua: akinusa gunia la unga wa msaada, anakwambia kama limeoza chini.

Mwaka 2014 Emmy, fundi wa mitambo, alituajiri kwenye karakana yake mtaa wa Ruti, mimi jikoni, Nabintu usafi. Emmy alikuwa ametengeneza visanduku viwili vinavyopelekeana habari kwa harufu, jinsi siafu wanavyoonyeshana njia. Kimoja kinapuliza mvuke wa spiriti, feni inausukuma, cha pili kinanusa na kuandika herufi. Kwa hiyo alikataza harufu nyingine yoyote. Nabintu, mwimbaji wa kwaya, alioga mwezi mzima bila sabuni wala kujipaka mafuta. Mwanamke wa Kikongo aende kanisani amepauka! Tulimcheka sana. Alivumilia, maana kazi ile ndiyo iliyomweka binti yake Ushindi shuleni.

Asubuhi moja Afande Kezironi wa kambi ya jeshi alikuja na wenzake wawili kuona kama mtambo unafaa. Akakaa mbele kabisa. Emmy akatuma neno AMANI. Kisanduku kikaandika takataka. Akarudia, takataka tena. Jasho likamtoka.

"Kuna mtu amekunywa pombe humu," akasema, akamkazia macho Nabintu.

Nabintu alishajua. Niliona pua yake ikigeukia kiti cha mbele, kisha akainamisha kichwa. Nani atamwambia mwenye magwanda kwamba ananuka waragi, ile pombe kali? Sisi magwanda tunayaogopa tangu kwetu.

"Patron, miye sikunywaka pombe hata siku moja."

"Toka! Usirudi tena hapa!"

Akatoka na ufagio wake. Nilitaka kupiga kelele, lakini mwoga mimi. Emmy akajaribu: takataka ileile. Mara simu ya afande ikalia, akatoka nje kuipokea. Feni ikazunguka kidogo, Emmy akatuma tena. A, M, A, N, I. Wale wawili wakapiga makofi, halafu wakaacha ghafla, wakakitazama kile kiti kitupu.

Afande alisikia makofi, akarudi hadi mlangoni. Akasoma zile herufi. Akamtazama Nabintu aliyekaa kwenye ngazi akilia, akavua kofia.

"Mama, rudi ndani," akasema. "Mimi nabaki hapa inje."